Shangazi, weka mikono yako mfukoni

Swali: Nitakaa na watoto wa kaka yangu wikendi mbili mfululizo. Wana miaka 3, 6 na 9. Siku ya Mama imekaribia na wanataka kumpa mama yao kitu walichokitengeneza wenyewe. Mwaka jana tulijaribu maua ya karatasi. Baada ya nusu saa wao walikuwa wanacheza, mimi nimebaki mezani nakata na kubandika. Ipo kazi moja rahisi ambayo wote watatu wataiweza, isiyotaka vifaa vingi, na itakayodumu? Ni mimi, shangazi mwenye gundi kwenye nywele.

Jibu: Shangazi mwenye gundi, pole. Lakini usiwalaumu watoto, na usijilaumu wewe. Wa kulaumiwa ni ua. Ua lina sura inayojulikana. Mtoto wa miaka mitatu akikunja petali yake, kila aliye mezani, yeye mwenyewe akiwemo, anaona imekwenda kombo. Hapo mkono wa mtu mzima unaanza kuwasha. Unanyoosha hapa, unabandika pale, na kufumba na kufumbua zawadi imeshakuwa yako. Mtoto naye si mjinga. Akiona kazi imepata mwenyewe, anaondoka zake.

Kwa hiyo sikutafutii kazi nyepesi kuliko ua. Nakutafutia kazi ambayo mtu mzima hatapata pa kuingiza mkono. Nimekaa miaka mingi kwenye meza zilizojaa watoto na rangi, na ninayoirudia kila mara ni kigae cha alama ya mkono, kinachotengenezwa kwa unga wa ngano, chumvi na maji. Alama ya mkono wa mtoto haina makosa. Mkono ukiwa mdogo ni mdogo, kidole kikipinda kimepinda, na mama anachotaka kukiona ni hicho hicho. Kwenu itakuwa watoto watatu, vigae vitatu, kamba moja, kimoja kikining'inia chini ya kingine.

Chukua kikombe chochote, ila usikibadilishe katikati ya kazi. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji robo tatu ya kikombe kwanza. Maji yaliyobaki kujaza kikombe yaweke kando na uyaongeze kijiko kimoja kimoja, ukiona unga bado haujashikana. Kipimo hicho kinatosha vigae vitatu vya ukubwa wa viganja vyao, na masalia kidogo ya kuchezea. Unga uwe wa kawaida. Ule uliokwisha kuchanganywa na hamira au baking powder utaumuka ukipata joto, na alama ya mkono itajifuta mbele ya macho yenu. Chumvi nayo iwe laini, kwa sababu ile ya chembe kubwa huacha vinundu juu ya kigae na huwakwaruza watoto wanapokanda. Msishawishike kuipunguza: ndiyo inayozuia ukungu kigae kinapokauka polepole.

Kupima na kuchanganya ni kazi ya wa miaka 9. Mpe cheo kabisa, awe fundi mkuu, maana katika umri huo kuna watoto wanaoona alama ya mkono ni mambo ya wadogo zake. Akiwa ndiye mwenye vipimo, hutamsikia akilalamika. Kukanda mpe wa miaka 6, na umwache akande kweli, dakika kumi nzima, kwa kisigino cha kiganja. Mwanzoni donge litakuwa na mikwaruzo kama ngozi kavu. Likiendelea kukandwa linatulia na kuwa laini. Ili kujua kama limefika, mwambie ashike ndewe ya sikio lake kwa vidole viwili, kisha ashike donge. Vikifanana, basi. Donge likinata vidoleni, ongezeni unga kidogo. Likipasuka kingo mkilibonyeza, lowesheni mikono na mkande tena. Anayekanda ahakikishe hana kidonda wala mkwaruzo mkononi, kwa sababu chumvi itamchoma na kazi itaishia kwenye machozi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi huliruka. Donge likishakandwa, lifunikeni kwa kitambaa chenye unyevu na mliache lipumzike dakika ishirini. Unga wa ngano uliotoka kukandwa una mvutano kama mpira: ukiubonyeza unarudi. Ukipiga chapa ya mkono wakati huo, utaona vidole vinajaa taratibu huku unatazama, na dakika tano baadaye alama ni kivuli tu. Ukipumzika, mvutano unalegea, na alama inabaki mlipoiacha. Dakika hizo ishirini zitumieni kunawa mikono na kufanya mazoezi ya kufungua mkono, nitakayoyaeleza hapa chini.

Donge ligaweni mafungu matatu, la mkubwa liwe kubwa kidogo. Kila fungu lisukumeni juu ya karatasi ya kuokea ili msije mkahangaika kulihamisha baadaye. Kama hamna kisukumio, chupa iliyonyooka inatosha. Unene uwe milimita saba au nane, karibu sawa na kidole cha mwisho cha mtoto mdogo kikilala. Kikiwa chembamba kuliko hapo mkono utatoboa hadi chini, kikiwa kinene sana hakitakauka ndani. Kingo msizikate kwa kisu ziwe duara kamili. Huu ni ushauri wangu tu, lakini kigae chenye ukingo wa mawimbi kinapendeza kuliko kilichokatwa kwa bakuli, na kinaokoa ugomvi wa nani kakata vizuri.

Tufike kwenye mkono wenyewe. Hapa ndipo ukae karibu.

Wa miaka 6 na wa miaka 9 hawana shida. Waambie tu watandaze vidole, wabonyeze, wahesabu hadi tano, wainue mkono moja kwa moja juu bila kuuburuta. Shida ni wa miaka 3. Mtoto mdogo akigusa kitu baridi na laini, mkono hujikunja wenyewe. Hafanyi kusudi, ndivyo mkono ulivyo. Ukimwambia "fungua, fungua," anaukaza zaidi. Kwa hiyo kwanza cheza naye kwenye meza tupu: mkono uwe jua, vidole viwe miale. Jua limelala, ngumi. Jua limechomoza, vidole vyote nje. Fanyeni mara sita au saba mpaka acheke. Kisha pakaza kiganja chake unga mkavu kidogo, kiasi cha kuondoa mnato tu, na umsimamishe juu ya kiti imara ili bega lake liwe juu ya meza. Akiwa amekaa chini anasukuma kwa vidole peke yake, akisimama juu uzito wa mwili unashuka kupitia mkono mzima. Jua likichomoza, teremsheni mkono juu ya donge.

Hapo ndipo ninapokuruhusu kutoa mikono mfukoni, kwa sekunde tano. Weka kidole chako juu ya ncha ya kila kidole chake, ubonyeze taratibu kuanzia gumba hadi cha mwisho. Kisha weka kiganja chako juu ya mgongo wa mkono wake na ubonyeze katikati, kwa sababu kiganja kina bonde na bonde hilo halifiki kwenye donge lisiposukumwa. Shikilia karatasi kwa mkono mwingine. Mwambie jua liruke. Rudisha mikono mfukoni.

Ikitoka vibaya kweli, yaani hakuna kinachoonekana, kunjeni donge na msukume upya. Linavumilia mara tatu nne. Lakini kama kinachoonekana ni mkono wenye vidole vinne na nusu, acha. Nilijifunza hilo kwa aibu. Niliwahi kulainisha kwa kijiko alama ya gumba la mtoto wa miaka minne lililokuwa limeteleza, nikachonga gumba zuri la duara. Nilifanya hivyo ameenda kunawa. Aliporudi alikitazama kigae, akanitazama mimi, akauliza, "Huyu ni nani?" Sikuwa na jibu. Tuliukunja tukaanza tena, na gumba likateleza vilevile. Mwingine alikataa katakata kufungua mkono, akapiga ngumi. Tukakausha ngumi. Ni shimo lenye vibonde vinne upande mmoja, na kati ya vigae vyote vya siku ile ndicho pekee ambacho ningekitambua hata leo.

Kabla donge halijaanza kukauka, toboeni matundu kwa mrija wa kunywea. Kigae cha juu na cha katikati kinahitaji matundu mawili, moja juu na moja chini. Cha mwisho linatosha moja la juu. Yakae sentimita mbili kutoka ukingoni. Yakiwa karibu zaidi, ukingo utakatika vigae vikianza kubebana. Na katika kubebana, chenye unene na upana zaidi kikae juu, yaani cha mkubwa, maana ndicho kitakachoshika vingine vyote.

Andikeni pia: jina, umri, tarehe. Mimi napenda maandishi yakae mbele, chini ya kiganja, kwa kijiti butu, kwa sababu kugeuza kigae kibichi ili kuandika nyuma ni kutafuta msiba. Wa miaka 6 huenda akaandika herufi moja au mbili zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo. Ni kawaida katika umri huo na huisha yenyewe. Usimsahihishe. Mwaka kesho ataziandika sawasawa, na hizo za kinyume hamtazipata tena. Mdogo asiyejua kuandika apige nukta tatu kwa kijiti: miaka mitatu, nukta tatu.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi nyingi, na sababu ni moja, haraka. Kwenye oveni, joto liwe nyuzi 100 za Selsiasi, lisizidi 120, kwa muda wa saa tatu hivi, pengine nne. Baada ya saa ya kwanza vigeuzeni kwa uangalifu, au vihamishieni juu ya wavu, ili upande wa chini nao upumue. Juu kukikauka na chini bado, kigae hujikunja kama jani. Niliwahi kuongeza joto hadi 180 kwa sababu wazazi walikuwa mlangoni. Vigae vilitoka vimevimba malengelenge, mikono yote imegeuka kuwa ya watu walioungua. Ilinibidi niwatazame watoto kumi na wawili usoni.

Kama hamna oveni, wala msihangaike. Viacheni mahali penye hewa inayopita, kivulini, mkivigeuza asubuhi na jioni. Vitachukua siku tatu hadi saba, kutegemea unyevu wa hewa. Jua kali moja kwa moja siku ya kwanza hupasua uso kabla ndani hakujakauka. Kwa bahati wewe una wikendi mbili. Pigeni chapa Jumamosi ya kwanza, wiki nzima vikauke, Jumamosi ya pili mpake rangi. Ili kujua kama kimekauka, kikiwa kimepoa kiweke mgongo wake shavuni. Kikiwa baridi kuliko kilivyotakiwa, bado kina maji. Kisha kigonge kwa ukucha. Kibichi kinasema *du*, kikavu kinasema *ta*.

Kuhusu rangi sina mengi. Rangi ya maji inatosha, iwe nzito, mtoto mmoja rangi moja, aichague mwenyewe. Mkiwapa rangi zote, vigae vitatu vitaishia kuwa na kahawia ileile. Njia ninayoipenda ni kupaka kigae kizima, kisha kupangusa juu kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka, hapo rangi inabaki ndani ya mistari ya kiganja tu. Hata mikunjo midogo ya viungo vya vidole inajitokeza, na watoto hushangaa kuona wana mistari mingi kiasi kile. Wasiotaka rangi waache. Donge lililokauka lina weupe wake mzuri.

Kisha vanishi, na hiyo ni kazi yako, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa chumba kingine. Mipako miwili myembamba, mbele, nyuma, kingoni na ndani ya matundu. Usiiruke. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na kigae kisichofunikwa hulainika msimu wa mvua mpaka kikaanza kutoa jasho. Gundi nyeupe iliyozimuliwa huzuia vumbi, lakini unyevu huipita, basi itumie pale tu ambapo vanishi imekosekana. Hata kikiwa na vanishi kisitundikwe bafuni wala juu ya jiko, na kisioshwe, kipanguswe tu. Mwambieni mama hayo siku mnampa.

Mambo mawili ya usalama kabla sijasahau. Donge lisiliwe, hata kuonjwa: chumvi ni nyingi mno, na unga mbichi wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Na kama nyumbani kuna mbwa, lifungieni mbali, bichi na lililokauka pia. Mbwa akila donge la namna hii anaweza kudhurika vibaya kwa chumvi, hata kufa.

Wakati vigae vinakauka, mpeni mama maneno pia. Anna Jarvis, mwanamke wa Marekani aliyeandaa ibada ya kwanza ya Siku ya Mama mjini Grafton, West Virginia, Mei 1908, aliishi kuona Rais Woodrow Wilson akiitangaza rasmi mwaka 1914. Baada ya hapo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigana na biashara iliyoota juu ya siku hiyo, zikiwemo kadi zilizokwisha kuchapwa maneno. Katika hilo la kadi niko upande wake. Chukueni karatasi moja, fundi mkuu awe karani, awahoji wadogo zake: Mama ana miaka mingapi? Anapenda nini? Akiwa amechoka anafanyaje? Aandike jibu neno kwa neno, bila kulipamba. Utapata vitu kama "Mama ana miaka mia moja, anapenda kukaa." Usiguse neno hata moja. Karani naye ajibu maswali yaleyale mwishoni, akiwa peke yake. Kwa kawaida huandika kwa kirefu kuliko unavyotarajia, basi mwachie nafasi.

Kamba iwe imara, kwa sababu vigae vitatu kwa pamoja vinaweza kufika nusu kilo. Kila kiungo kifungwe kwa kipande chake cha kamba, fundo mara mbili, ili kipande cha chini kikikatika, vigae vya juu visiporomoke. Kabla ya kutundika, shika kamba ya juu na uiache ining'inie juu ya kitanda kwa dakika chache. Bora ianguke hapo.

Umeomba kitu ambacho wote watatu wataweza. Kuna kimoja ambacho wa miaka 3 hataweza, nacho ni kutunza siri kwa wiki nzima. Jioni ileile atamwambia mama yake kwamba mkono wake umelala kwenye unga. Mpigie wifi yako mapema, umwombe kwamba akisikia habari za mkono, jua au unga, ajifanye hajaelewa.

Na kikivunjika njiani, maana huvunjika, msikitengeneze kingine kwa siri usiku. Pakeni gundi nyeupe kwenye nyuso zote mbili za mpasuko, mviunganishe vipande, mkilaze kwenye mchanga au mchele mkavu ili kisicheze mpaka kesho yake. Mstari utaonekana. Mwambieni mama ulitokea wapi, na aliyekidondosha ndiye asimulie.